Mstari Juu ya Dawati: Hotuba Kuhusu Kusuluhisha Ugomvi wa Watoto Shuleni

Hotuba hii niliitoa katika mkutano wa walimu na wazazi mkoani Morogoro. Wazazi wengi walikuwa mashambani siku hiyo, na baadhi yao wameniomba maneno yenyewe. Nayaweka hapa yote.

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi mlioketi kule nyuma ambao hamjaitika hata salamu moja, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya ugomvi wa watoto wetu, hawa wa darasa la 1 hadi la 7. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 31, na katika miaka hiyo nimeamua ugomvi mwingi kuliko madaftari niliyosahihisha. Nasema nimeamua, na neno hilo ndilo ninalotaka tuanze nalo. Watu wawili wakikunjana mashati, anayeingia katikati na kuwatenganisha tunasema amewaamua. Hakimu anayeketi na kusema huyu ana haki na yule ana kosa, naye ameamua. Neno moja limebeba kazi mbili, na sisi walimu tumezoea kuzifanya zote mbili kwa pumzi moja: tunawatenganisha, tunahukumu, tunarudi ofisini kumalizia chai kabla haijapoa. Lakini Kiswahili kina neno jingine, nalo ni kupatanisha. Litazameni lilivyojengwa. Ndani yake kuna kupata. Kisha kuna kupatana, yaani huyu apate na yule apate. Halafu ndipo anapokuja yule anayewafanya wapatane. Mpatanishi hawagawii kitu. Wanaopeana ni wao. Sasa nawauliza walimu wenzangu, na ninajiuliza mwenyewe: tangu shule zifunguliwe Januari, umewaamua watoto mara ngapi, na umewapatanisha mara ngapi?

Niwasimulie habari ya dawati moja. Nilikuwa mwalimu wa darasa la 3 katika shule ambayo madawati yake hayakutosha, hivyo wanafunzi walikaa watatu watatu. Kwenye safu ya dirishani palikuwa na dawati la wasichana watatu, na juu ya dawati hilo palikuwa na mstari. Ulianza kwa chaki. Siku ya pili ukawa wa wino. Juma lililofuata ulikuwa umechimbwa ndani ya mbao kwa wembe wa kuchongea penseli, ukiwa na kina cha kutosha kuzamisha ukucha. Mstari huo ulikuwa mpaka kati ya msichana wa katikati na yule aliyekaa mwisho, upande wa kulia. Atakayevusha kiwiko alipigwa rula. Kelele zilipozidi niliwaita mbele, nikawauliza swali ambalo kila mwalimu humu ndani analijua: "Nani kaanza?"

Mnajua kilichofuata. Kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole. Niliwachapa wote wawili, fimbo mbili mbili, nikajisifu kwamba nimetenda haki sawa. Kanuni zetu zinasema adhabu ya viboko hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, isizidi viboko 4, na iandikwe katika kitabu. Mimi sikuwa na idhini wala sikuandika popote. Lakini tuache kanuni kidogo. Nataka mjue jambo lililotokea kesho yake. Kesho yake mstari ulikuwa umechimbwa zaidi.

Aliyenifumbua macho ni msichana wa tatu, yule wa mwisho upande wa kushoto, ambaye hakuwa mgomvi na kwa hiyo sikuwahi kumuuliza neno. Alikuja ofisini kuleta madaftari, akasimama, akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, yule anaandika kwa kushoto." Basi. Hakuongeza kitu. Nilirudi darasani nikawaambia waandike, nami nikasimama pembeni kuwatazama. Msichana wa mwisho kulia alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na wa katikati mkono wa kulia. Kila walipoinama kuandika, viwiko viwili vilikutana mahali pamoja. Niliwauliza wote watatu tufanyeje. Yule mtoa habari alisema yeye na yule anayeandika kwa kushoto wabadilishane nafasi, mmoja aje mwisho huu na mwingine aende mwisho ule. Walihama kabla sijamaliza kusema ndiyo. Kiwiko cha kushoto kikawa kinaelea nje ya dawati, hakimgusi mtu.

Tazameni nilichokuwa nimekosea. Swali la "nani kaanza" ni swali la hakimu, na mtoto akiulizwa swali la hakimu hujibu kama mshtakiwa: hukana, husingizia, hulia. Nilipaswa kuuliza, "Kumetokea nini?" Halafu nikauliza, "Wewe ulikuwa unataka nini?" Mmoja angesema anataka kuandika bila kusukumwa. Mwingine angesema hivyo hivyo. Walikuwa wanataka kitu kimoja, nami niliwachapa kwa kukitaka.

Tangu hapo nina utaratibu wangu, na naomba niueleze polepole kwa sababu ndio niliokuja nao. Watoto wakipigana, kwanza nawatenganisha na kuwapeleka kunawa uso. Maji yana kazi yake. Mtoto anayehema hasikii. Baadaye, mara nyingi wakati wa mapumziko, naketi nao chini ya mwembe, mbali na macho ya wengine. Nawaambia kwamba kila mmoja atasema mpaka amalize, na mwenzake hatamkatiza. Wa kwanza akishamaliza, simuulizi wa pili aseme ya kwake. Namuuliza: "Mwenzako amesema nini?" Hapo ndipo kazi yote ilipo, walimu wenzangu. Mara ya kwanza hawezi. Atasema, "Amesema uongo." Namwambia sijakuuliza kama ni uongo, nimekuuliza amesema nini. Anajaribu tena: "Amesema mimi nimemchania daftari." Namgeukia wa kwanza: "Ndivyo ulivyosema?" Naye anasema, "Hapana, nimesema amechana ukurasa wenye picha aliyonichorea dada." Namrudia wa pili: "Haya, amesema nini?" Na yule mtoto anapotamka kwa kinywa chake, "amesema nimechana ukurasa wenye picha ya dada yake," utaona mabega yakishuka. Nimeona jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nayatazama mabega kuliko uso. Kisha wanabadilishana. Kisha nauliza kila mmoja anataka nini kifanyike, na ninanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mwalimu ana majibu 10 mdomoni, lakini akilitoa moja tu, makubaliano yanakuwa ya mwalimu, na makubaliano ya mwalimu huishia pale mwalimu anapogeuza kisogo. Baada ya siku 3 nawaita tena, dakika moja tu, kuuliza kama bado wanaelewana.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mazuri ila muda haupo, kwani tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa yamefurika, na mwenye watoto 90 hawezi kuketi chini ya mwembe na wawili. Nawaelewa. Mimi mwenyewe nimefundisha madarasa ya namna hiyo. Lakini fanyeni hesabu ya upande wa pili: ule mstari wa dawati ulikula dakika ngapi za somo kwa majuma mawili? Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya siasa alishika chaki kama sisi, aliwasuluhisha Warundi tangu mwaka 1996, mazungumzo yakahamia Arusha mwaka 1998, akafariki Oktoba 1999 kazi haijaisha, Mandela akaipokea, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Hao walikuwa wanagombea nchi. Ukurasa wenye picha huniomba dakika 10.

Sasa niingie jambo la pili, nalo ni watazamaji. Wangapi kati yenu wanaukumbuka ule mchezo wa vichuguu vya mchanga? Naona mnacheka, basi mnaukumbuka. Watoto wawili wametofautiana kwa neno dogo, wala hawana nia ya kupigana. Anatokea wa tatu, anachota mchanga, anafanya vichuguu viwili. "Hili ziwa la mama yako. Na hili ziwa la mama yake. Nani mwanaume?" Mduara umeshafungwa, watoto 20 wanapiga makofi. Mmoja anapiga teke kichuguu cha mwenzake, na hapo hakuna tena wa kurudi nyuma, kwa maana aliyetukanwa si yeye, ni mama yake mzazi, na mbele ya halaiki. Mwalimu wa zamu anafika na fimbo. Anawakamata wawili. Aliyechota mchanga anajifuta mikono kwenye kaptura na kuingia darasani kwa heshima zote.

Mimi nilikuwa mwalimu wa zamu wa namna hiyo kwa miaka mingi. Na kibaya zaidi, baada ya kuwakamata wale wawili, nilikuwa nawasimamisha mstarini asubuhi mbele ya shule nzima waombane radhi. Niliona ni fundisho. Lakini fikirini: watoto hawa walipigana kwa sababu ya macho ya watu, nami nikawapatanisha mbele ya macho yale yale, mengi zaidi. Ni mtoto gani atakayesema kweli mbele ya wenzake 600? Atatoa mkono, atasema "nisamehe," na akishageuka atanong'ona "tutakutana nje ya geti." Ugomvi wa watoto usikilizwe faraghani. Na mchota mchanga aitwe, akae chini ya mwembe pamoja na wenzake, aulizwe naye alikuwa anataka nini. Nilipoanza kuwaita wachonganishi, niligundua kwamba wengi wao ni watoto wasio na rafiki, na mduara ule ndio mahali pekee wanapopata watu wa kuwazunguka. Sikulitegemea hilo, na sijui adhabu gani ya mstarini ingelitibu.

Wazazi wangu, jambo la tatu linawahusu ninyi, na naomba msinielewe vibaya. Mkoa wetu mnaujua. Mnakumbuka Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 walipouawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni wazazi. Miaka kadhaa baadaye nilifundisha katika kijiji ambacho watoto wa jamii zote mbili walikaa dawati moja, na siku moja wavulana wawili wa darasa la 4 walipigana mpaka mmoja akapasuka mdomo. Sababu waliyonieleza ilikuwa kikombe cha uji. Nikawaketisha. Huyu akasema ya kwake, yule akarudia, yule akasema, huyu akarudia, na tulipofika kwenye "unataka nini," mmoja akasema: "Nataka ng'ombe wao watoke kwenye mahindi yetu." Akaanza kulia. Mwenzake akamtazama, akasema: "Na sisi baba amelala polisi siku mbili."

Mimi ningefanya nini? Ng'ombe si wangu, mahindi si yangu, na polisi si ofisi yangu. Niliwaambia ukweli huo. Niliwaambia kwamba kesi ya mahindi ina wenyewe, na kwamba kijiji kina Baraza la Ardhi. Wazazi mnalijua baraza hilo: wajumbe 7, na kati yao wanawake 3, na kazi yao ni kusuluhisha, wala hawatoi hukumu. Kisha nikawauliza: mahindi ni ya huko, je, kikombe cha uji ni cha wapi? Walifikiri muda mrefu. Walikubaliana kwamba wakiwa ndani ya uzio wa shule, hakuna atakayetaja ng'ombe wala shamba, na kwamba kikombe kitakuwa zamu. Kikombe kiliwatosha. Nikawaita baba wa mmoja na mama wa mwingine, siku tofauti, nikawaeleza walichokubaliana watoto wao, bila kuongeza neno. Yule mama alikaa kimya, halafu akaniuliza: "Kumbe anasikia tunayosema usiku?"

Anasikia, mama. Wote wanasikia. Kwa hiyo mtoto akirudi nyumbani na kusema fulani kanipiga, tafadhali usije shuleni mbio na kanga kiunoni ukimtafuta fulani, wala usimwambie mwanao "nawe ukimkuta mrudishie." Njoo, karibu sana, lakini njoo kwa mwalimu, usije kwa mtoto wa mwenzako. Mwaka mmoja nilishuhudia wazazi wawili wakivutana shati langoni huku watoto wao waliogombana jana wanacheza gololi pamoja nyuma yao.

Naomba sasa nikiri kosa langu kubwa, kwa maana usuluhishi unao mpaka wake, na mimi niliujua mpaka huo kwa kuuvuka. Mvulana wa darasa la 2 alikuwa akipewa na bibi yake shilingi 200 za andazi. Mvulana wa darasa la 6 alikuwa akizichukua kila asubuhi nyuma ya vyoo. Mdogo aliposhitaki, nilifurahi kupata nafasi ya kutumia ule utaratibu wangu, ambao nilikuwa nimeanza kuupenda kupita kiasi. Niliwaketisha chini ya mwembe. Mkubwa akasema mpaka akamaliza. Mdogo akarudia maneno yake, sauti haitoki. Nilimuuliza mdogo anataka nini, akasema, "Sitaki kitu." Nikawashikanisha mikono. Nikaandika katika daftari langu kwamba wamepatana.

Juma lililofuata yule mdogo hakuja shule. Na lililofuata. Nilikwenda kwao, nikamkuta bibi yake anaanika mpunga, akaniambia mtoto analalamika tumbo kila kunapokucha. Nilipomchukua pembeni na kumuuliza, aliniambia kwamba baada ya kushikana mikono bei ilipanda: sasa alitakiwa alete 200 za andazi na 100 za kushitaki.

Pale hapakuwa na ugomvi, ndugu zangu. Ugomvi una watu wawili wanaovutana. Pale palikuwa na mmoja anayevuta na mmoja anayevutwa, na mimi nilimketisha mnyang'anyi na mnyang'anywa kama watu wa kiwango kimoja, nikawaambia wapeane. Mdogo atampa nini mkubwa zaidi ya alichokwisha kupokonywa? Uonevu wa namna hiyo hausuluhishwi. Unazuiwa, mdogo analindwa, mkubwa anashughulikiwa peke yake na mzazi wake akiwepo. Na yapo mazito zaidi: mtoto aliyeshikwa maungo, mtoto aliyetishiwa kisu, mtoto anayerudi na alama mwilini. Hayo hayafiki chini ya mwembe kabisa. Yanakwenda kwa mwalimu mkuu, kwa ofisa ustawi wa jamii, kwa dawati la jinsia na watoto la polisi. Na asije mtu, awe mwalimu au mjumbe au shemeji, akasema tuyamalize kifamilia. Kuna watu hutumia neno zuri la suluhu kufunika jinai, na naomba nisihesabiwe miongoni mwao.

Yule mvulana alirudi shule. Alikuja na bibi yake, akakaa dawati la mbele karibu na meza yangu mpaka alipoingia darasa la 3.

Nimeulizwa pia kama watoto wenyewe wanaweza kuwa wasuluhishi. Wanaweza. San Francisco, Marekani, walianza kuwafunza wanafunzi kazi hiyo mwaka 1982. Na ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha Minnesota, David Johnson na Roger Johnson, walishauri kwamba kila mtoto wa darasa afunzwe, na zamu ya usuluhishi izunguke. Mimi napenda hapo pa kuzunguka. Sisi kazi hii tungempa kiranja, na kiranja wetu tumeshampa orodha ya wapiga kelele. Hawezi kuwa mpelelezi asubuhi na mpatanishi mchana. Nimejaribu zamu katika darasa la 5, wawili kwa juma, kwa ugomvi mdogo tu wa rula na foleni ya bomba. Wengine waliweza kuliko mimi. Mmoja alidai kalamu kama ada, tukamwondoa.

Watakaosema kwamba tunawapa watoto sauti kubwa mno, niwakumbushe kwamba si mimi niliyewapa. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinasema mtoto anayeweza kuwa na maoni ana haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Nafasi ya kukaa kwenye dawati inagusa ustawi wake. Shilingi 200 za andazi zinaugusa.

Ndugu Mwenyekiti, naona Mwalimu Mkuu anatazama saa, na ameniahidi nusu saa ya maswali. Sitaki maswali ya jumla. Nataka mwalimu mmoja atuambie ugomvi alioukuta juma hili, na mzazi mmoja atuambie aliousikia nyumbani, tuujaribu hapa hapa, mmoja awe huyu na mwingine awe yule. Mama mwenye kitambaa cha kijani, umeinua mkono tangu nilipotaja gololi. Karibu mbele.